"Nice" ni tusi? Lilikuwa, miaka mia saba iliyopita

Swali nililoletewa nalifupisha hivi: "Shikamoo mwalimu. Bosi wangu kaniandikia kwamba mimi ni 'a very nice person', nikafurahi kweli. Jana mjomba kwenye grupu la familia katuma ujumbe unaosema nice maana yake halisi ni mpumbavu, na kwamba wenye lugha yao wanalitumia kutucheka kimyakimya sisi tusiojua. Binamu naye kadakia kwamba nice ni kifupisho cha maneno manne. Ukweli ni upi, na bosi nimjibu nini?"

Marahaba mdogo wangu. Bosi mjibu asante, basi, kakusifia. Mjomba kapatia nusu, na hiyo nusu aliyopatia ndo inayomponza maana mtu akishika kipande cha ukweli anajiona kashika wote. Binamu hajapatia kitu, huyo tutamrudia baadaye kidogo tu kwa sababu hana kesi ndefu.

Tuanze na pale mjomba alipopatia. Ni kweli kabisa kwamba "nice" lilivyoingia kwenye Kiingereza mwanzoni, mnamo mwaka 1300 hivi, lilikuwa na maana ya mpumbavu, mtu hamnazo. Hii sio stori ya kijiweni, iko kwenye kamusi zote kubwa za Kiingereza. Na ukirudi nyuma zaidi unakutana na Kilatini, neno "nescius", ambalo limeunganishwa na vipande viwili, "ne" ambayo ni ya kukanusha na "scire" ambalo ni kujua. Kwa hiyo nescius ni asiyejua. Sasa hilo "scire" unalijua hata kama hujasoma Kilatini siku moja, maana ndo limezaa "scientia" yaani ujuzi, na scientia ikazaa "science" ambayo sisi tunaiita sayansi. Yaani "nice" na sayansi ni ndugu wa ukoo mmoja, mmoja kaitwa kujua na mwenzake kaitwa kutojua, na leo wakikutana barabarani hawasalimiani.

Hapa naomba nikae kidogo, maana Kiswahili kinatusaidia kuliona jambo ambalo Waingereza wenyewe inabidi walieleze kwa sentensi nzima. Sisi tuna mjinga na tuna mpumbavu, na mtu anayechunga maneno yake hayachanganyi. Mjinga ni ambaye hajui, ukimfundisha atajua, ndo maana tulikuwa tunaambiwa maadui ni ujinga, maradhi na umaskini, na hakuna aliyeona katukanwa, tulijua wanasema watu hawajafundishwa. Mpumbavu ni mwingine, huyo anaweza akawa kafundishwa na bado anafanya yale yale. Sasa nescius ya Kilatini ilikuwa mjinga kwa maana hii ya kwanza, asiyejua, basi. Ilipofika kwenye Kifaransa cha kale, kwenye miaka ya 1100, ikiwa imeshakatwakatwa hadi kubaki "nice", ilikuwa imeshateleza kuelekea upumbavu na uzembe. Na hata kwetu mjinga anateleza hivyo hivyo, mwambie mtu mjinga barabarani uone kama atakuelewa unamaanisha hajafundishwa.

Kiingereza kililipataje? Kwa njia ile ile kilivyopata maelfu ya maneno, baada ya Wanormani kutoka Ufaransa kuiteka Uingereza mwaka 1066, wakubwa wakawa wanaongea Kifaransa na watu wa chini wanaongea Kiingereza, na miaka inavyopita maneno ya mezani kwa wakubwa yakashuka taratibu hadi jikoni. Alafu kuna jambo dogo la matamshi ambalo mi hulipenda. Wakati huo walikuwa hawasemi "nais" kama leo, walikuwa wanasema "niis", na e ya mwisho ikasikika kidogo. Yaani kama wangetuuliza sisi jinsi ya kusoma herufi i tungewasomea sawasawa. Ila baadaye, tuseme kati ya miaka ya 1400 na 1700, irabu ndefu za Kiingereza zilihama karibu zote, "ii" ikawa "ai", ndo maana unaandika "time" unasoma taim na unaandika "nice" unasoma nais, matamshi yalihama maandishi yakagoma kuhama. Na kabla hujaniuliza, mji wa Nice kule Ufaransa hauhusiani kabisa, ule jina lake linatokana na Nikaia, walioupa ni Wagiriki, kutoka kwenye neno lao la ushindi, nike. Ni kufanana sura tu.

Haya. Kwa hiyo tuko mwaka 1300 na kitu, "nice" ni mpumbavu. Chaucer, yule mshairi wao mkubwa aliyefariki mwaka 1400, alilitumia sana kwa maana hiyo hiyo, ukisoma kwake mtu kaitwa "nyce" usidhani kapewa ua. Swali zuri ambalo ujumbe wa mjomba haukujisumbua kuuliza ni hili: limetokaje huko likafika hapa? Maana kutoka mpumbavu hadi mtu mzuri ni mbali, na neno halilali tusi likaamka sifa. Halikuruka, lilitembea, na kila hatua ilikuwa fupi kiasi kwamba waliokuwa wanaliongea hawakuhisi kitu.

Fuatana na mimi. Mtu hamnazo hana mipaka, anavaa ovyo anafanya starehe ovyo, kwa hiyo neno likaanza kutumika kwa watu wa anasa, wanaojipenda kupita kiasi. Mtu wa anasa, hasa wa nguo na chakula, anakuwa mchaguzi, hiki hali kile hagusi, kitambaa hiki kinamkwaruza, kwa hiyo "nice" ikawa mtu wa kudeka, mwenye madoido. Upande mwingine, mtu asiyejua mambo anakuwa na haya, anasitasita, kwa hiyo "nice" ikawa pia mwenye aibu, asiyetaka kuguswaguswa. Sasa angalia hapo kwa mchaguzi, hapo ndo kona. Mchaguzi ukimwangalia kwa jicho baya ni msumbufu, ila ukimwangalia kwa jicho zuri ni mtu makini, anaona tofauti ndogo ambayo wewe huioni. Basi kwenye miaka ya 1500 "nice" ikawa makini, sahihi kabisa, ya kupimwa kwa uangalifu. Na kutoka mtu mwenye jicho la kuchagua hadi kitu chenyewe alichokichagua ni hatua moja, kama mchaguzi kakipenda basi kitakuwa kizuri. Kwenye karne ya 18 watu wanasema "nice" kwa maana ya kitu cha kupendeza, na kwenye karne ya 19 likawa tayari linamwelezea mtu mwema, mwenye roho nzuri, kama alivyokuandikia bosi.

Sasa usinielewe vibaya, nimelipanga kama foleni ili ulione, ila kwenye maisha yenyewe haikuwa foleni ilikuwa kama stendi, maana zote zinapiga kelele kwa wakati mmoja. Watunga kamusi wa Oxford, ambao kazi yao ni kukusanya sentensi za zamani zenye tarehe na kuzipanga, wenyewe wamekiri kwamba kwenye maandishi mengi ya karne ya 16 na 17 ni vigumu kusema mwandishi alikusudia maana ipi. Hao ni watu waliotoa kamusi kwa vipande kuanzia mwaka 1884 hadi 1928 ndo ikaisha, watu wa kujitolea wanawatumia kwa posta karatasi ndogo zenye nukuu, na bado neno moja la herufi nne likawatoa jasho.

Nikupe mfano wa mtego wake. Kwenye Romeo and Juliet ya Shakespeare kuna padri, Friar Laurence, alituma barua muhimu na barua haikufika. Akipata taarifa anasikitika, anasema "the letter was not nice". Mwanafunzi wa leo anasoma pale anaelewa barua ilikuwa na maneno makali, haikuwa ya upole. Wala. Padri anasema barua ile haikuwa ya jambo dogo, haikuwa ya upuuzi, ilibeba jambo zito, na kweli kwa kutofika kwake wale vijana wawili wakafa. "Nice" pale ni kitu kidogo kisicho na uzito. Nimeshawahi kusahihisha karatasi za wanafunzi, darasa karibu zima likaeleza vizuri sana kwa aya mbili mbili jinsi padri alivyoandika barua ya matusi. Niliweka kalamu chini nikacheka peke yangu, alafu nikajilaumu maana mi ndo niliyekuwa nimewafundisha.

Ila mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Jane Austen, na huu mpelekee mjomba kabisa. Kwenye riwaya yake Northanger Abbey, iliyotoka mwisho wa mwaka 1817 miezi michache baada ya yeye kufariki, kuna binti anaitwa Catherine na kijana msomi msomi anaitwa Henry Tilney. Catherine kasoma riwaya moja kaipenda mno, anamuuliza Henry, huoni kwamba hiki ndo kitabu "nicest" kuliko vyote duniani? Henry kwa maringo anamjibu, nadhani unamaanisha ndo nadhifu kuliko vyote, basi hiyo itategemea kimejalidiwaje. Yaani anamkejeli, anajifanya neno lina maana moja tu, unadhifu. Akikanywa ndo kwanza anaendelea, anasema siku ni nice, matembezi ni nice, nyie mabinti ni nice, ni neno zuri kweli linafaa kwa kila kitu, na anamalizia kwa kusema hapo mwanzo pengine lilitumika kwa unadhifu na ustaarabu tu, watu walikuwa nice kwenye mavazi yao na kwenye uchaguzi wao, sasa hivi sifa zote za kila kitu zimejazwa kwenye neno moja.

Umeona kilichomtokea? Henry anamsahihisha binti wa watu kwa kumrudisha kwenye "mwanzo" wa neno, na mwanzo wenyewe haujui! Yeye kaishia karne mbili nyuma, kwenye unadhifu na umakini, akadhani kafika chini ya kisima. Angechimba kidogo angekuta mpumbavu. Na akichimba zaidi anakuta asiyejua, ambalo kwa wakati ule lilikuwa linamfaa yeye. Sasa mjomba wako ni Henry Tilney yule yule, tofauti yao mjomba kachimba zaidi kidogo, na yeye kaishia kwenye mpumbavu akasimamisha jembe, akasema hii ndo maana halisi. Kwa nini ya mwaka 1300 iwe halisi na ya mwaka 1500 isiwe? Na kama ni ukongwe, kwa nini asiende hadi kwenye nescius akasema maana halisi ni asiyejua? Na hao Walatini nao "ne" na "scire" walivitoa kwa babu zao. Hakuna sakafu huko chini, kila ukigonga unakuta pengine.

Hili kosa ni la zamani na wasomi wanalijua, kudhani kwamba asili ya neno ndo maana yake. Na limesaidiwa na jina la fani yenyewe, etimolojia, ambalo kwa Kigiriki linatokana na "etymos", yaani kweli. Wagiriki wa kale waliamini ukifunua asili ya neno unafunua ukweli wa kitu chenyewe. Sisi tumebaki na jina ila imani ile tuliiacha siku nyingi. Neno linamaanisha kile ambacho watu wanaoliongea sasa hivi wanakubaliana limaanishe, kama noti, hailipi kwa sababu ya mti uliotengeneza karatasi yake.

Na wala usiende mbali. Mwambie mjomba akusikilize unavyoongea wewe. Mtu akikuuliza mambo, unamjibu poa. Poa ni nini? Ni kupungua moto, chai ikikaa inapoa, na chai iliyopoa hakuna anayeitaka. Ila wewe ukisema uko poa hakuna anayedhani umekaa mezani tangu asubuhi. Safi nalo, kitu kisicho na uchafu, ila mwanao akifaulu mtihani unasema safi na hujamwogesha. Alafu njoo kwenye hayo mengine ndo utacheka, hatari, balaa, noma, kali. Ukisema yule dogo kwenye mpira ni hatari, ni balaa, wimbo wake mpya ni mkali, hayo yote ukiyachukua kwa asili unaripoti polisi. Nani kaamua? Hakuna kikao kilichokaa. Watu walilitumia kwa mzaha, mzaha ukazoeleka, uliozoeleka ukawa maana. Kiingereza wana "terrific" na "terrible", yote yametoka kwenye neno moja la Kilatini la kutisha, leo moja ni bora kabisa na lingine ni baya kabisa, na mtoto wa miaka mitano wa kule hayachanganyi.

Kuna neno lingine ambalo nikilifundisha pamoja na "nice" darasa linaamka, nalo ni "silly". Leo silly ni mtu wa upuuzi, mjingamjinga. Kwenye Kiingereza cha kale lilikuwa "gesælig", na maana yake ilikuwa mwenye heri, mwenye baraka. Wajerumani wanalo ndugu yake hadi leo, "selig", na kwao bado ni heri. Kwa Waingereza mwenye heri akawa mtu asiye na hatia, asiye na hatia akawa wa kuhurumiwa, wa kuhurumiwa akawa dhaifu, dhaifu akawa hana akili. Yaani wakati "nice" inapanda kutoka upumbavu kwenda wema, "silly" inashuka kutoka baraka kwenda upumbavu, barabara ile ile, na kuna karne fulani hapo katikati lazima walipishana. Sasa kwa sheria ya mjomba ukimwita mtu silly umembariki. Ajaribu kwa bosi wake mwenyewe.

Binamu na kifupisho chake nimeahidi sitamsahau. Kanuni ni nyepesi, ukiambiwa neno la kawaida la Kiingereza lenye umri mkubwa ni kifupisho cha maneno kadhaa, anza kwa kukataa. Tabia ya kuchukua herufi za mwanzo na kuunda neno la kutamkika imeshamiri kwenye karne ya 20, kwenye jeshi na maofisi na sayansi, mfano "radar" na "laser", hayo ni kweli. Ila neno lililokuwepo mwaka 1300, wakati watu wengi hawajui hata kusoma, litatoka wapi kwenye herufi za mwanzo? Watu huanza na neno alafu wanalitafutia maneno ya kulijazia, kama wanavyofanya na majina ya watoto.

Turudi kwa mjomba sehemu ya pili, kwamba wenye lugha yao wanatucheka. Hii sio ya etimolojia tena, hii ni ya kawaida tu, ila nijibu. Muingereza au Mmarekani wa leo ukimuuliza nice ilikuwa na maana gani mwaka 1300, wengi watakukodolea macho. Hawajui, na hawana sababu ya kujua, kama wewe usivyofikiria moto ukisema poa. Huwezi kumcheka mtu kwa siri ambayo na wewe hujaambiwa. Kama unataka kuona mahali ambapo damu ile ya nescius bado ni tusi, nenda kwa Wahispania, wao wana "necio", limetoka kwenye neno lile lile la Kilatini na limebaki pale pale, mtu mjinga, mbishi wa kijinga. Kwa hiyo ndugu wawili wa mama mmoja, mmoja alibaki nyumbani na tabia ya nyumbani, mwingine alisafiri akarudi hatambuliki.

Ila sitaki uondoke na wazo kwamba maana za zamani zimekufa kabisa, kuna kona zimejificha na hizo ndo za kuziangalia kama unasoma au unatafsiri. Ukikuta "a nice distinction" kwenye maandishi ya kisomi, sio tofauti nzuri, ni tofauti nyembamba sana inayohitaji jicho kali kuiona. Hakimu akiandika kwamba shauri limeleta "a nice point", hajapendezwa, anasema ni hoja nyembamba, ngumu kuikata upande. Hiyo ni ile maana ya miaka ya 1500, umakini, imejichimbia mahakamani na vyuoni haitaki kutoka. Nimeona tafsiri ya Kiswahili ikisema "hoja nzuri" hapo, na sentensi nzima ikageuka kuwa hakimu anampongeza wakili. "Nicety" nayo, mtoto wake, zamani ilikuwa upumbavu, leo ni jambo dogo la undani linalotaka umakini, au adabu ndogondogo.

Alafu kuna ile ya "nice and warm", hapo nice haisifii kitu peke yake, inasukuma tu neno linalofuata, ni kama tunavyosema joto safi kabisa. Na kuna kejeli, umedondosha simu mtu anasema "nice", hapo hakuna kamusi itakayokusaidia, sikiliza sauti. Mtandaoni hakuna sauti ndo maana watu wanagombana.

Na kama una mtu wa kompyuta kwenye familia mwambie akuonyeshe kitu kinaitwa nice kwenye mifumo ya Unix na Linux, ni amri ya kuipa programu kiwango cha upole. Kwenye Linux kinaanzia hasi 20 hadi 19, na programu yenye namba kubwa ndo pole zaidi, inawapisha wenzake watumie kichakataji, yaani ubongo wa kompyuta, kwanza. Anayetaka kuwahi anashusha namba, na kuipeleka chini ya sifuri kwa kawaida ni ruhusa ya msimamizi wa mfumo tu. Mi sio mtu wa kompyuta ila niliposikia hiyo nilifurahi, maana waliobuni walichagua neno sawasawa, nice ni anayewapisha wengine.

Ambapo inanileta kwa bosi wako, maana hapa kuna kitu kimoja kidogo cha kweli ambacho ujumbe wa mjomba haukukiona kwa sababu ulikuwa unatazama mwaka 1300. "Nice" ya leo imechoka. Imetumika kwa hali ya hewa, kwa chai, kwa viatu, kwa watu, hadi walimu wa Kiingereza huwakataza watoto kuliandika kwenye insha, yaani Henry Tilney alishindwa kesi ila malalamiko yake bado yanazunguka. Kwa hiyo kwenye ujumbe wa kawaida kama huo wa bosi ni sifa kamili, kasema una roho nzuri, unaishi na watu vizuri. Ila siku ukihitaji barua ya kukutambulisha kwenye kazi nyingine, na barua nzima ikasema tu wewe ni nice, hapo rudi ukaombe iongezwe neno, maana msomaji atajiuliza kazi anaiweza au anatabasamu tu. Na ukisikia mtu kaambiwa "too nice", kuwa makini zaidi, hapo wanamaanisha mtu anayeonewa, anayekubali kila kitu, asiyeona anachezewa. Ni kama sisi tunavyosema yule mpole mno na kila mtu anaelewa tunasema kazubaa. Ukiangalia vizuri, neno limezunguka miaka mia saba na kona hiyo moja inaanza kunukia pale lilipoanzia. Sisemi litarudi, maneno hayatabiriki, ila mi naliangalia.

Kuhusu grupu la familia, usibishane na mjomba hadharani. Mwandikie pembeni, muulize tu ujumbe ule ulisema ni mwaka gani na ni kwenye kitabu gani nice lilimaanisha hivyo, maana hilo ndo swali la kumuuliza kila anayekuletea "maana halisi" ya neno lolote. Akikutumia jibu, hata likiwa nusu, mshukuru, mwandikie "thank you uncle, you are very nice", na karne achague mwenyewe.